Vipepeo Chini ya Kawa

Wiki iliyopita fundi alikuwa sebuleni kwangu akipigilia wavu wa mbu kwenye dirisha la tatu, kipepeo akaingia kwa dirisha la nne. Alikuwa mweusi mwenye madoa ya njano, mkubwa kama kiganja cha mtoto. Akazunguka juu ya makochi, akapita karibu na fremu ya stashahada yangu ukutani, akatua kwenye pazia. Fundi akashuka kwenye stuli, akatoa misumari mdomoni, akacheka.

"Mama, leo una mgeni. Teleka mapema."

Alisema kama wanavyosema watu wote wa huku, bila kufikiri, kama mtu anavyosema leo kuna joto. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka mezani, nikamwangalia kipepeo pale kwenye pazia.

Nijitambulishe kwanza, rafiki yangu, usije ukadhani anayekusimulia ni mtu aliyeshindwa na maisha. Nimerudi Pongwe baada ya miaka mingi ya kutafuta. Niliondoka hapa na sanduku moja la bati lisilo na kufuli, nimerudi na malori mawili ya vitu. Nyumba hii ya vyumba sita nimeijenga kwa jasho langu, sakafu ni vigae mpaka barazani, na kisima kina pampu. Nina stashahada ya kilimo, na darasani kwetu hakuna mwanamume aliyenipita katika somo la wadudu waharibifu. Sikushikwa mkono na mjomba wala sikuandikiwa kimemo na mkubwa yeyote. Vitalu vyangu vya miche ya michungwa na midimu vinajulikana Muheza yote. Mtu akiona majani ya miche yake yametafunwa usiku kucha, hunipigia simu mimi, nami humwambia dawa ya kupuliza. Kwa ufupi, riziki yangu inatokana na kuua viwavi. Nalisema hili kwa fahari, na nalisema kwa uchungu pia, maana kuna wakati nilikuwa nikiwaombea dua.

Nyumba yetu ya zamani ilisimama papa hapa, kwenye kiwanja hiki hiki. Ilikuwa ya udongo na mawe, paa la makuti. Mbele ilipita barabara ya malori, nyuma reli, na ng'ambo ya reli mkonge mpaka macho yachoke. Upande wa jikoni palikuwa na bustani ya bibi: mrehani, mchaichai, asumini iliyotambaa juu ya ua wa makuti, na katikati yake mdimu mmoja mkongwe wenye miiba mirefu. Bibi alikuwa mzaa mama. Alizaliwa Pemba, akaja bara kwa ndoa, na mpaka anaingia kaburini alisema kama mtu aliyeshuka bandarini jana. Tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Baba alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake.

Miaka ile hapakuwa na kitu. Kama ulikuwepo, huhitaji kuambiwa. Ukiwaona watu wamepanga foleni, unapanga kwanza, halafu ndiyo unauliza kinauzwa nini. Unga ulikuwa wa njano, unanuka ghala, na ugali wake ulikuwa ukikauka sahanini kabla hujanawa. Chai tuliinywa kwa mchaichai na chumvi kidogo, bibi akisema sukari inaharibu meno, kama vile tulikuwa tumeikataa wenyewe. Lakini kilichotuvua utu ni kukosa sabuni. Tulifua kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, tukasugua vyombo kwa majivu. Sare yangu ya shule iligeuka rangi ya chai. Kisha mwili wangu ukatoka vipele, kuanzia mapajani hadi shingoni, na siku moja mwalimu wetu wa darasa akaniambia, kwa upole kabisa, nikae dawati la peke yangu.

Nilimwambia mama. Mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama ningenyamaza.

Mama alikuwa mwepesi wa miguu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka relini. Hakuwahi kuvumilia harufu mbaya. Habari ya dawati ilimtosha. Alfajiri ya siku ya pili alijifunga khanga mbili moja juu ya nyingine, akasema anakwenda Moa na wanawake wengine wawili wa mtaani kwetu, na kutoka Moa watavuka mpaka kwa vinjia vya shambani, walete sabuni kutoka Kenya. Siku hizo kuvuka namna ile kuliitwa magendo, na mgambo walikuwa wakiwasaka watu mpaka chini ya vitanda. Bibi alisimama mlangoni kama anataka kuuziba.

"Mwanangu, mtoto hafi kwa kukosa sabuni."

"Hafi, mama. Lakini ananuka, na anajua kuwa ananuka."

Akanishika kidevu. "Jumapili ntakuwa hapa. Ntakuogesha kwa povu mpaka usijijue, wenzio wakuulize jina lako."

Akadandia lori. Nilikuwa na miaka tisa.

Jumapili ile nilikaa kizingitini toka asubuhi. Kila lori lililopunguza mwendo nilisimama. Jumapili iliyofuata nilikaa tena. Ya tatu nilijipaka vumbi miguuni ili uchafu uwe mwingi, povu lifanye kazi kweli. Ya nne hakuna mtu aliyenisemesha kuhusu mama, na kimya kile kilinitisha kuliko maneno.

Bibi alikuwa na namna yake ya kungoja. Kila jioni alipopakua, alipakua sahani tatu. Ya tatu, ya mama, aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akaifunika kwa kawa. Nalieleza kwa ajili ya vijana: kawa ni kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili, chenye umbo la pia, na letu lilikuwa na mistari ya zambarau na kijani. Tulikuwa tunalala nusu njaa, rafiki yangu, na chini ya kawa kuna chakula. Hakuna aliyekigusa. Asubuhi bibi alikipasha moto, tukagawana, na akasema, "Leo kachelewa." Si kwamba hakuja. Kachelewa.

Sasa nije kwa vipepeo.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kidigo, msukaji wa mikeka na makawa, mwenye mdomo usiofungwa. Siku moja nilikuwa kwake nikimsaidia kuchambua miyaa, majani ya kusukia, kipepeo akaingia mlangoni na kutua kwenye mwamba wa dari. Jirani akatupa ukili chini.

"Haya! Nna mgeni mie leo!"

Akafagia nyumba, akaazima unga kwetu, akachinja kuku aliyekuwa akitaga. Mimi nilimwona kama amepungukiwa na akili. Magharibi haijaingia, kakake aliyekuwa hajaonekana miaka mitatu akabisha hodi, ana begi begani na samaki wakavu mkononi. Nililiona kwa macho yangu haya. Nilirudi nyumbani mbio. Kwa hiyo jambo lilikuwa jepesi kiasi hiki! Mama alikuwa hajaja kwa sababu hakuna kipepeo aliyeingia nyumbani kwetu.

Nikaanza kuvizia. Niliacha mlango wa mbele wazi na wa nyuma wazi. Nilitandaza asumini kizingitini. Vipepeo walipita bustanini, wakazunguka mdimu wa bibi, wakaenda zao. Nikawafukuza kwa khanga kuwaelekeza ndani, nikipiga mbinja, na jirani akaniona juu ya ua akacheka mpaka akashika kiuno.

"We kitoto we! Vipepeo hawaswagwi kama mbuzi!"

Aliyenipa njia ni mwalimu wa sayansi, bila kujua. Alichora ubaoni duara lenye mishale: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Alisema viwavi wa kipepeo yule mweusi hupenda majani ya mdimu. Darasa zima lilicheka neno pupa, maana sisi tulijua pupa ni ile ya mtu anayekula kama anafukuzwa, na hapa mwalimu anatuambia pupa ni mdudu aliyekaa kimya siku kumi na nne bila kula wala kutikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikipiga hesabu. Kipepeo wa nje anaweza kukataa kuingia. Lakini kipepeo aliyezaliwa ndani ya nyumba, akaiona nyumba ile kuwa ni kwao, ukimwachia bustanini atarudi, kama kuku wanavyorudi bandani. Na akirudi, ataingia. Na akiingia, mama atakuja. Nakuhakikishia sijawahi kufikiri kwa makini vile tena, hata chuoni.

Jioni ile ile niliukagua mdimu jani kwa jani, miiba ikanichana mikono. Mayai yalikuwa madogo ya mviringo, rangi ya siagi, moja moja kwenye majani machanga. Viwavi wadogo walikuwa kahawia wenye baka jeupe mgongoni, ungeapa ni kinyesi cha ndege. Wakubwa walikuwa kijani, wanene kama kidole changu, na ukiwagusa walitoa pembe mbili za rangi ya chungwa zilizotoa harufu kali ya kuumiza pua. Niliipenda harufu ile. Ilikuwa harufu ya kitu kinachojitetea.

Niliwaweka kwenye kopo la maziwa ya unga nililolitoboa matundu. Sisimizi wakaingia kwa matundu yale yale, wakawamaliza wote kwa siku moja. Nikaanza upya, nikatundika kopo kwa kamba. Kopo likapata joto la jua, wakafa. Nilichohitaji ni kitu chenye kupitisha hewa na kuzuia sisimizi, kitu cha ukili uliosukwa kwa kukazwa. Nikamwendea bibi.

"Bibi, niazime kawa."

"Kawa lina kaziye."

"Mchana tu."

Bibi akalivuta kawa karibu yake. "Na mamayo akija mchana, akute chakulache kinatembewa na nzi?"

Basi nikafugia ndani ya kipande cha chandarua kilichochanika, nimekifunga mvunguni mwa kitanda. Kila asubuhi kabla ya shule nilikata majani mapya ya mdimu, nikafuta vinyesi, nikahesabu vichwa. Baada ya muda shule nikaiacha kabisa kimya kimya. Nilitoka na daftari, nikazunguka reli, nikarudi kwa nyuma. Mimi unayeniona leo na stashahada nilikuwa mtoro wa kutafutwa. Viwavi walikula kuliko sisi. Usiku niliwasikia wakitafuna, sauti nyembamba kama mvua ya mbali, na tumbo langu likiwajibu.

Wa kwanza alipogeuka pupa alijifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja kiunoni, kama mtu aliyeegemea mkanda wa kupandia mnazi. Nilimngoja. Siku ganda lilipoingia weusi na madoa ya njano kuonekana kwa ndani, sikulala. Alitoka asubuhi, amekunjamana kama karatasi iliyolowa, akaning'inia saa nzima akikunjua mabawa. Nikamtoa bustanini juu ya kidole changu. Nikamwonyesha mlango, nakwambia kweli, nilimgeuza uso wake ukaelekea mlango, nikamwambia, "Ni pale. Umepaona? Ni pale."

Akaruka. Akapita juu ya asumini, akapita juu ya ua, akavuka reli, akapotelea kwenye mkonge.

Wa pili akafuata njia ile ile. Na wa tatu. Wa nne alitua juu ya paa la makuti, nikapiga magoti mchangani nikamwomba kwa jina la Mungu ashuke. Hakushuka. Mpaka wa saba sikuwa na sauti tena ya kuwaomba. Nilikimbia nyuma yao mpaka relini nikirusha mawe, nikilia kwa hasira, nikiwaita wezi. Jirani aliacha kazi yake akaja kunishika bega.

"Mwanangu, hebu niambie. Unamwita nani?"

"Mama."

Mama wa Kidigo akaniachia bega. Akachutama mbele yangu, akanifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Kipepeo huleta mgeni, mwanangu. Na mamako si mgeni. Yule mwenye nyumba."

Nikafikiri. Ilikuwa kweli. Mtu hafiki kwao akawa mgeni.

"Sasa mama analetwa na nini?"

Akainuka, akarudi kwenye ukili wake, na siku ile hakusuka.

Ungetegemea niache. Sikuacha. Mtu aliyeshika kamba moja tu haachii kwa kuambiwa kuwa haijafungwa popote. Mvua za vuli zilipoanza mdimu ulitoa majani mengi mapya, na viwavi wakaongezeka hata chandarua hakikutosha.

Asubuhi moja kipepeo akaingia. Sikumleta mimi, na sijui kama alikuwa mmoja wa wangu. Aliingia kwa mlango wa mbele, akapita kichwani kwa bibi, akatua kwenye ukuta juu ya kitanda cha mama. Nilibaki nimesimama. Bibi naye alimwona. Bibi akachukua ufagio. Mimi nikaenda kuchota maji ya kuogea, ndoo mbili, nikajua leo zitahitajika.

Baada ya adhuhuri tukasikia, "Hodi, wenyewe!"

Alikuwa mmoja wa wanawake wawili waliokwenda Moa na mama. Peke yake. Amebeba furushi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, na yale yaliyosemwa niliyasikia yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Mzima, bibi."

"Sikukuuliza uzima. Nimeuliza yuko wapi."

Mwanamke akafungua furushi polepole. Miche sita ya sabuni ya kufulia, ya manjano, na vipande vitatu vya sabuni ya kuogea vyenye karatasi. Harufu yake ikavuka ukuta ikanifikia.

"Yuko Mombasa. Kapata mtu huko, bibi. Amekaa."

Nilimsikia kuku akiparua majivu.

"Na mtoto?"

"Sabuni hii ya mtoto. Kasema aogeshwe."

Hebu fikiri, rafiki yangu, neno dogo kama lile. Amekaa. Mimi mtoto wa miaka tisa nilisikia habari njema. Mama ni mzima, na amekaa. Mtu aliyekaa si atainuka? Nilitoka nyuma ya ukuta nikicheka, nikamsalimu mgeni, nikamshukuru kwa sabuni. Yule mwanamke akageuza uso.

Jioni ile bibi alipakua sahani mbili. Nilimwona anachukua ya tatu, anaishika, anairudisha rafuni. Kisha akaja na kawa, lile la zambarau na kijani, akanikabidhi kwa mikono miwili kama watu wanavyotoa kitu msibani.

"Haya. Fugia wadudu wako."

Nililipokea kwa furaha. Hili ndilo jambo ninalotaka kulifuta maishani kuliko vipele, kuliko njaa. Nililirusha juu nikalidaka. Niliwahamishia viwavi wangu mle usiku ule ule, nikaona dunia imeninyookea: mama amekaa, sabuni ipo, na kawa ni langu. Sikujua kuwa bibi alikuwa amemzika mwanawe mbele yangu.

Siku ya pili akaniita niende nikaoge. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sabuni imefunguliwa karatasi, povu limemjaa mikononi, jeupe, jingi, sijaona povu kama lile tangu nizaliwe. Nikalitazama nikaelewa anataka kufanya nini, na hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu.

"Acha, bibi! Hiyo ni ya Jumapili!"

"Njoo, mjukuu wangu."

"Hiyo ni ya Jumapili! Mama ataniogesha na nini? Usiimalize! Bibi, usiimalize!"

Nilimng'ang'ania mikono, nikawa naokota povu lililoanguka mchangani nirudishe kwenye sabuni. Bibi alinishika kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaniogesha huku napiga kelele na huku machozi yake yananidondokea mgongoni yakichanganyika na maji. Mpaka vipele vilipopona, Jumapili ile ya mama haikufika.

Chini ya kawa walitoka vipepeo kumi na mmoja katika siku mbili. Nililibeba kawa mpaka bustanini, nikalifunua. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Wengine walipanda mdimu kwanza, wengine walikwenda moja kwa moja, na mwisho wote walivuka ua. Safari hii sikuwaomba wala sikuwarushia mawe. Nilisimama na kawa tupu mkononi.

"Waache wende," bibi alisema. "Wamekuwa na mabawa, watafanyaje?"

Sikufuga tena. Nilirudi shuleni nikachapwa fimbo za utoro, nikaanza kusoma kama mtu anayelipiza kisasi. Watu huniuliza nilipata wapi bidii. Niliipata pale, na nadhani nimekwisha kukulipa kwa kunivumilia nijisifu.

Kisha ikaja ruhusa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Ghafla maduka yakajaa. Mitumba ikamwagwa chini kwa marobota, sukari ikawa ya kuchagua, na sabuni zikapangwa mpaka kwenye vibanda vya kando ya reli, za kila rangi, hakuna anayezishangaa. Mpaka ukawa wa kupita kwa basi. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, niko likizo, nachambua mchele barazani. Mtu akasimama kizingitini, jua liko nyuma yake, buibui limemfunika, sikuiona sura.

"Hodi."

"Karibu, mgeni," nikasema.

Akasita. Akavua viatu, akaingia, na nikaona miguu yake ile myepesi, na mkono wangu ukabaki ndani ya mchele. Nilikuwa nimekwisha kumkaribisha. Neno halirudi mdomoni. Na yeye alikuwa amekwisha kubisha hodi, kwenye nyumba aliyozaliwa.

Bibi alimtandikia mkeka mpya. Alipika wali wa nazi, akaufunika kwa kawa lile lile, akamwekea mbele yake, akamnawisha mikono kwa birika kama anavyonawishwa mtu wa heshima. Hakumtukana hata kwa jicho. Kule kumtukuza kulikuwa kubaya kuliko matusi, na mama alikuwa akijua, maana alikula kwa vidole vitatu na kila baada ya tonge akasema ahsante. Kicheko chake hakikuwepo. Alilala siku mbili. Siku ya kuondoka tulikaa mimi na yeye bustanini, chini ya mdimu.

"Jirani kaniambia ulikuwa ukifuga vipepeo."

"Nilikuwa mtoto," nikajibu.

Aliningoja. Nikaona ananingoja niseme jingine. Ningeweza kumwambia nilikuwa nawafuga kwa ajili ya nini. Yalikuwa maneno matatu tu, nilikuwa nawafuga wakulete. Nikamenya ndimu. Akanipa mkoba wenye sabuni nzuri za kuogea, nikamshukuru, basi lake likaja. Hakuja tena. Habari ya kufa kwake nilipewa kwa simu, nikiwa kazini mbali, na alikuwa ameshazikwa huko huko Mombasa.

Leo hakuna kilichosalia. Bibi yuko makaburini ng'ambo ya reli. Mama wa Kidigo amefariki, na watoto wake wanauza vifuniko vya plastiki. Makuti yameoza, ua umekuwa ukuta wa matofali. Mdimu niliukuta umekauka, nikaukata mwenyewe kupisha msingi wa nyumba, na kwa utaalamu wangu nilijua hasa ni ugonjwa gani uliouua. Nilidhani nikijenga nyumba kubwa mahali pale pale kuna pengo litajaa. Vyumba sita, rafiki yangu. Nalala kimoja.

Fundi alitaka kumtoa yule kipepeo kwa ufagio. Nikamkataza. Nikamwambia pia dirisha la nne asilitie wavu.

"Mama, mbu wataingia."

"Na waingie."

Najua yule kipepeo alikuwa jike anayetafuta majani ya mdimu atagie, akapotea njia. Nimefundishwa, nina cheti. Lakini nilifagia. Nilichota maji ndoo mbili, ingawa bomba liko ndani. Nikapika wali wa nazi wa watu wawili, na fundi alipoaga nikamwambia aende tu, hicho si chakula chake. Nilikaa barazani mpaka magari yakawasha taa. Hakuna aliyebisha hodi, na kama angekuja yule ninayemngoja, safari hii ningemwambia apite ndani bila kubisha.

Nikapakua sahani mbili. Ya pili nikaifunika kwa sinia, maana kawa sina.

Asubuhi niliipasha moto.